Nyuki wa Mstari Mmoja

Mliponikabidhi kanga na saa ya ukutani siku ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema, "Mama Salma atuandikie alivyokuwa anafanya kazi, tusije tukaanza upya." Nilicheka. Saa ya ukutani kwa mtu aliyestaafu ni zawadi ya kuchekesha kidogo, kana kwamba mnaogopa nitachelewa mahali. Lakini ombi nimelipokea. Naandika nikiwa kwangu Ngokolo, Shinyanga, birika la chai liko karibu, na hakuna anayenigongea kioo cha studio kuniambia mgeni wa kipindi amefika. Habari za vyeo sitaziandika, anayezitaka akaulize ofisini. Nitaandika habari za sauti, na hasa habari za nyuki, maana kila mmoja wenu anazisimulia anavyotaka, na wengine mmeshafika mahali pa kusema nilikuwa nawafuga.

Niliingia redioni nikiwa binti, na nilikuwa mwanamke wa kwanza kukaa upande wa mitambo. Wanawake wengine walikuwa watangazaji. Wageni wa vipindi walinidhania mhudumu wakaniagiza maji, nami nikawaletea, kisha nikaketi mbele yao kuendesha mitambo na kufurahia nyuso zao. Mwalimu wangu alikuwa fundi mkuu, Mzee Rajabu, mtu mwembamba wa kutoka Tabora ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ya kwanza hakunionyesha mtambo wowote. Alinifungia kwenye studio tupu, akasema nikitoka nimwambie nilichosikia.

"Sijasikia kitu, mzee," nilimwambia nilipotoka.

"Rudi."

Nilirudi. Nikatoka tena sina cha kusema, akanirudisha tena. Hapo hasira zilinipanda, na nadhani hasira ndizo zilizonizibua masikio, kwa sababu nilianza kuzisikia: feni ya koridoni, transfoma inayonguruma nyuma ya ukuta, kandambili za mlinzi kwenye kokoto za nje. Nilipomtajia zote, Mzee Rajabu aliitikia kwa kichwa.

"Sasa umeanza kazi," alisema. "Sauti unayoitaka itakuja yenyewe. Fundi yupo kwa ajili ya zile asizozitaka."

Enzi hizo tulihariri kwa wembe. Unaukata utepe, unatoa kikohozi cha mheshimiwa, unaunga, na mkato mbaya ulisikika mkoa mzima. Kompyuta zilipokuja, wembe ukabaki wa kukatia kucha, na Mzee Rajabu akastaafu akisema yeye hawezi kukata kitu asichokishika. Mimi nilishika kompyuta kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuishika. Programu ya kutengenezea muziki tuliyoitumia ilikuwa, tuseme, ya kuazima bila kumwambia mwenyewe, na asubuhi moja ikagoma kufunguka. Vipindi vikakosa miziki ya kufungulia. Mkuu wa vipindi alipita koridoni ameshika kichwa kama aliyefiwa.

Aliyeniokoa alikuwa Mwalimu Doto. Alifundisha hesabu sekondari, akikaa Kambarage, na kila wiki alikuja studio kujibu maswali ya hesabu ya wanafunzi. Kijana mpole, ila ukimpa nafasi hanyamazi. Alinikuta nimejiinamia mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, Mama Salma. Mbona hivyo?"

"Marahaba. Programu imekufa. Sina muziki, sina mlio, sina hata pipi-pipi ya taarifa ya habari."

Akavuta kiti. "Mama, sauti ni nini?"

"Sauti ni sauti. Usinichezee, nina kazi."

"Sauti ni safu ya namba," alisema. "Ndefu tu. Kuna lugha ya kompyuta niliyojifunza chuoni, wenzangu waliikimbia kwa sababu ni alama tupu, haina maneno. Lugha hiyo haiulizi namba moja moja. Unaiambia safu nzima jambo moja, inalitenda lote kwa pamoja."

Akaniwekea lugha hiyo kwenye kompyuta. Aliandika alama chache, nazo hazikujaza hata nusu ya mstari, akabonyeza, na spika ikatoa mlio mmoja safi, mnyofu, mzuri kuliko wowote niliowahi kuunasa. Sikuamini. Akazidisha safu kwa nusu, mlio ukapungua. Kisha akaniambia niseme jina langu kwenye maiki, akaigeuza safu mwisho ukawa mwanzo, nikajisikia nikizungumza lugha ya majini. Akaamuru kompyuta iruke namba moja kila baada ya moja, nami nikawa katoto kanakopiga kelele. Nilicheka mpaka mtangazaji wa zamu akatugongea kioo.

Nilijifunza lugha ile kwa kiherehere cha mtu mzima aliyepata kitu chake. Alama hazikuwepo kwenye vitufe, kwa hiyo nilizichora kwenye vipande vya plasta ya vidonda nikabandika, na kila msimu wa joto zikabanduka zikanigandia vidoleni. Lugha yenyewe inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi nimesoma madrasa, kwangu ilikuwa sawa na kurudi nyumbani. Mwalimu Doto, aliyelelewa seminari, ndiye aliyekuwa akipotea katikati ya mstari wake mwenyewe, nami nilihakikisha namkumbusha kila mara.

Mlio wa taarifa ya habari mnaoutumia mpaka leo ni wa wakati huo. Baada ya hapo nikaingia kwenye ngoma. Mdundo, kwa lugha ile, ni safu ya moja na sifuri: moja ni pigo, sifuri ni kimya. Ukiizungusha safu hatua moja, mdundo ule ule unaanzia mahali pengine na mguu wa mchezaji unabadilika. Pigo lenyewe nililitengeneza kwa namba za ovyo ovyo, nikazizidisha na safu inayoshuka, ukapata ngozi inayopigwa na kunyamaza. Nikalaza safu moja juu ya nyingine, ngoma kubwa, ngoma ndogo, njuga, nikazijumlisha. Mistari minne yote ikatosha kwenye kiganja. Tulipoupiga kufungua kipindi cha wakulima, simu ziliingia kuuliza ni kundi gani na manju wao ni nani, maana huku Usukumani ngoma bila manju wa kuiongoza haijakamilika.

"Manju ni mama mmoja wa Ngokolo," mtangazaji aliwajibu. "Hachezi, na kuimba haimbi."

Sitawaficha, nilitembea na furaha hiyo wiki nzima kama aliyevaa viatu vipya.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilihamishiwa kituo chetu kidogo cha Geita, pale Kalangalala. Geita haina ukimya. Pikipiki, matangazo ya dawa za panya, muziki wa kila duka ukigombana na wa duka la pili. Mzee Rajabu angelia. Huko ndiko alikonifuata Mabula, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo, mtu mnene mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikuwa amesikia redioni kwamba tuna mtu anayetengeneza sauti ambazo hazikuwepo.

"Mama, nataka mlio," alisema kabla hajakaa.

"Wa nini?"

"Wa kumtoa mtu mmoja kwenye kibanda chake."

Nilidhani ni ugomvi wa mpangaji. Akanieleza. Machimboni kwao, kila wakitaka kulipua mwamba kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, king'ora kinalia na watu wote walioko juu wanapaswa kuondoka hadi nyuma ya kichuguu kikubwa. Wengi huondoka. Lakini kuna mama lishe, Mama Kabula, ambaye kibanda chake kimekaa jirani na karasha, mashine ya kusagia mawe, na amepika hapo tangu machimbo yaanze. Karasha limemla masikio. Haambiliki kwamba hasikii. Anasema anasikia vizuri, ni watu wa siku hizi wananong'ona. Kwa hiyo kila mlipuko walimtuma mtu akamguse bega. Karibuni aliyetumwa alipitiwa, wakalipua, na jiwe la ukubwa wa kichwa cha ng'ombe likapasua bati likatua kwenye sufuria ya maharage. Mama Kabula alikuwa ameinuka kufuata chumvi.

"Wenzangu kwenye kamati wanataka kibanda kiondoke," Mabula alisema. "Ameniomba, amelia. Ana wajukuu anaowalea kwa jiko lile. Nimewaambia wanipe nafasi. Ukipatikana mlio atakaousikia mwenyewe, bila kuguswa, anabaki. Usipopatikana, anaondoka, na mimi ndiye nitakayemwambia."

"Yeye ni nani kwako?"

"Si ndugu. Nilipofika Geita sina kitu, alinilisha."

Nilikwenda. Mama Kabula nilimkuta anasonga ugali, mama mrefu, mikono kama ya mpiga makasia, kilemba cha manjano. Nilimwamkia kwa sauti kubwa, akaniitikia "marahaba" kabla sijafika mwisho wa neno, akitazama midomo yangu. Nikakaa, nikala, nikanasa karasha. Kelele zile zilitikisa mpaka sahani. Jioni nilizipeleka kwenye kompyuta nikazitenganisha sauti moja moja, za chini zikae kwake na za juu kwake. Karasha lilijaza chini kote kama maji kwenye pipa. King'ora chao kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo masikio ya mtu aliyezeeka karibu na mashine hufunga mapema. Katikati palikuwa na upenyo mwembamba ambao karasha lilikuwa halijaugusa.

Upenyo niliuona, kilichobaki ni kuweka mlio. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyesifiwa redioni, nikaweka ngoma.

Ilikuwa ngoma nzuri. Ilinguruma, ilikimbia, iliingia mule mule kwenye upenyo. Tuliipeleka machimboni siku ya majaribio, hakuna baruti, na honi, ile spika ya mdomo mpana, tukaifunga kwenye mlingoti karibu na duara. Nilibonyeza. Watu waliisikia wote. Kina mama wanaogonga mawe walitupa nyundo, vijana wakatoka kwenye mwalo wanakosafishia dhahabu wakiwa na matope mpaka magotini, na mzee mmoja mlinzi akaanza kuchezesha mabega. Wote wakaja. Walikuja kule kule kwenye duara, wakicheka, wakaizunguka honi, na mmoja akapiga kigelegele.

Fundi baruti alishika kiuno. "Mama, tumekuomba uwaondoe. Umeniitia harusi!"

Nilijiona mjinga, na nilistahili. Nimeishi Usukumani maisha yangu yote. Najua kwamba kwenye mashindano ya ngoma, kundi linaloshinda ni lile linalowavuta watazamaji upande wake. Ngoma huku ni neno moja tu: njoo. Nimekwenda kuliweka kwenye shimo la baruti.

Nikajirekebisha, au nilidhani hivyo. Kama ngoma ni furaha, nitafute sauti ya hatari. Nikatengeneza mwano, lile yowe la kuomba msaada ambalo kijiji hupokezana, nikalilaza yowe juu ya yowe mpaka likasisimua ngozi. Majaribio ya pili. Nikabonyeza. Safari hii walikuja wakikimbia, na walikuja na rungu, sululu na mapanga, wanaume mbele, wakaulizana mwizi kapita wapi. Mmoja alikuwa na povu la sabuni nusu ya uso, ametoka kwa kinyozi.

Mabula aliinamisha kichwa. "Sasa umeniitia vita."

Lakini kwenye fujo zile niliona kitu. Mara zote mbili Mama Kabula alikuja pia, ila alichelewa kidogo. Alikuwa akitazama chini, miguu ya watu, kisha ndipo aliinuka. Aliiendesha siku yake yote hivyo. Watu wakienda, anakwenda, wakisimama, anasimama. Siku ile ya jiwe la maharage watu walikuwa wamepita nyuma ya kibanda, hakuiona miguu yao.

Nilimfuata karasha lilipozimwa kwa chakula cha mchana. Nilimwomba anisaidie kujaribu spika zangu, kwa maneno hayo, kwa sababu sikutaka kumdhalilisha mtu mzima. Nilimwambia kila akisikia mlio ainue mwiko. Nikapiga mlio wa katikati, mwiko ukapanda. Nikapiga wa juu, mwiko ukapanda pia. Nikapiga wa juu zaidi, nao ukapanda. Nikajifanya nabonyeza, sikubonyeza, mwiko ukapanda.

Nikageuza kiti, nikampa mgongo, kompyuta nikaipakata asione kidole changu, nikajitengea kioo kidogo cha kujitazamia nimwone yeye. Nilipiga milio kuanzia chini kwenda juu. Mwiko ulipanda kwenye ile ya chini. Ukapanda kwenye ya katikati. Nilipovuka hapo ukabaki umelala mapajani, na usoni mwake niliona anavyosubiri kwa bidii, ameinamisha shingo, na kwamba amejua hasikii. Machozi yalinitoka nikiwa nimempa mgongo. Nilikuwa mtu wa masikio maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria inakuwaje kubaki na kipande.

Nilipogeuka nilimwandikia kwa mkaa kwenye ubao wake wa bei za chakula, kwa sababu sikutaka kupiga kelele mbele ya watu: MAMA, WEWE UNAKIMBIA NINI?

Alisoma. Akacheka kwa sauti ile ya watu wasiojisikia. "Mimi? Simba sikimbii, sijamwona. Polisi sikimbii, wanakula hapa. Nakimbia nzuki tu, mayo. Nzuki gete!"

Nzuki kwa Kisukuma ni nyuki, mayo ni mama, na gete ni kweli kweli. Waliokuwa wanakula walicheka, na kila mmoja akaanza kusimulia siku yake ya nyuki: aliyejitosa kisimani, aliyeacha baiskeli, msiba ambapo jeneza lilibaki peke yake. Niliwasikiliza mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyesema alisogea karibu kuangalia.

Nyuki nao wana ubishi wao. Jaribio langu la kwanza lilitoa mlio wa friji. La pili likatoa pikipiki. Nilikwenda kwa mfugaji mmoja, nikaweka maiki karibu na mzinga nikiwa nimejifunga kama maiti, nikanasa, nikachambua. Kundi la nyuki halina mlio mmoja. Ni mamia ya milio inayokaribiana, kila mmoja juu au chini kidogo ya mwenzake, inagongana na kutetemeshana, na hapo ndipo hofu inapokaa. Kwa programu ya kawaida ningeunda nyuki mmoja mmoja nikazeeka. Kwa lugha ya safu niliandika safu ya nyuki mia tatu ikisimama wima, safu ya muda ikilala, nikaiambia zidisha kila nyuki kwa kila nukta ya muda, likatoka jedwali, kila mstari nyuki wake, kisha nikajumlisha lote chini. Mstari mmoja wa alama.

Kompyuta ikazima. Jedwali lilikuwa kubwa kuliko kumbukumbu yake. Nikaukata muda vipande vifupi, nikaviunga, kama enzi za utepe. Ikakubali, lakini nyuki walikuwa wanyofu mno, wanalia kama kwaya iliyofanya mazoezi. Nilimpigia simu Mwalimu Doto Shinyanga.

"Wanaimba," nilimwambia. "Mimi sitaki waimbe."

"Kila nyuki mpe safu yake ya kuyumba, Mama. Ya ovyo ovyo. Asijue mwenzake anayumba lini."

Niliongeza alama chache kulia. Nikawapandisha wote kidogo mpaka wakakaa kwenye upenyo, juu ya karasha na chini ya mahali masikio ya Mama Kabula yanapofunga. Nikaufanya mlio uanze mbali na kukua. Kisha nikabonyeza, pale pale ofisini Kalangalala, bila kumtangazia mtu. Mwenzetu wa mapokezi alitoka kwa dirisha. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwomba radhi, lakini nakiri nilipiga meza kwa furaha.

Mabula alipousikia alitikisika mabega. Kisha akauliza la maana. "Watajua ni wa kompyuta. Wakishazoea?"

"Wewe umezoea nyuki?"

"Yaya," alisema. Hapana.

Siku yenyewe ilikuwa ya mlipuko wa kweli. Fundi baruti alisema habonyezi kitu mpaka aone eneo lote ni tupu, na nikamheshimu kwa hilo. King'ora kilibaki kama kawaida, nyuki wangefuata. Wachimbaji waliambiwa kuna mlio mpya, hawakuambiwa ni upi, na Mabula aliwaomba jambo moja: wakisikia king'ora watulie walipo, waondoke kwa huo mlio mpya, na mtu yeyote asimguse Mama Kabula. Wajumbe wa kamati walisimama nyuma ya kichuguu wamekunja mikono. Asipoondoka, mlipuko unaahirishwa na kibanda kinavunjwa kesho yake. Mama Kabula alilijua hilo. Alikuwa ametupa mgongo, anapakua wali.

King'ora kililia. Hakugeuka. Karasha lilikuwa linaunguruma, limeachwa makusudi. Nilibonyeza.

Mwanzo wake ni mdogo, nyuki wako mbali. Mimi mwenyewe, niliyewaumba, sikuwasikia kwa zile kelele. Kina mama wa mawe wakaendelea kukaa. Vijana wa mwalo wakatazamana. Nikaanza kuhesabu makosa yangu kichwani, huenda honi imekaa vibaya, huenda nimewapandisha mno.

Mama Kabula akainua kichwa.

Aligeuza shingo kushoto, halafu kulia, kama mtu aliyeitwa jina lake na hajui ni nani. Kwa masikio yake, sehemu ile ndiyo iliyobaki, na kwenye sehemu ile hapakuwa na kitu kingine chochote isipokuwa nyuki. Aliweka sahani chini. Alifunika wali, jambo ambalo fundi baruti hajamsamehe mpaka leo. Kisha akajifunika kanga kichwani, akapaza sauti ambayo haikuhitaji honi.

"Nzuki! Nzuki, jamani! Kimbieni!"

Akatoka mbio. Hapo ndipo mlio ulipokua ukawafikia wengine, na hakuna aliyebaki kujiuliza ni wa kompyuta au wa mzinga. Walimfuata yeye, kina mama, vijana wa matope, mzee wa mabega, wote kwenye njia ya kichuguu, naye mbele kabisa na kilemba chake cha manjano, akipunga mikono, akiwahimiza waliochelewa. Wajumbe wa kamati, ambao walijua kila kitu, nao walikimbia. Nilizima mlio. Fundi baruti alitazama eneo zima, akatazama tena, akaona tupu, akalipua.

Vumbi liliposhuka tulirudi. Jiwe lilikuwa limeingia tena kwa upande wa bati, na kigoda anachokalia Mama Kabula akipika kilikuwa vipande viwili. Mama Kabula alikitazama kigoda kwa muda. Kisha akanijia, nami nikajiandaa kusutwa kwa habari ya nyuki, maana sasa alikuwa ameonyeshwa honi.

Alinishika mabega yote mawili. Alizungumza kwa nguvu, kama anavyozungumza siku zote, na machimbo yote yakasikia.

"Mayo, mimi sisikii. Miaka yote hii nimekuwa natazama miguu ya watu." Akageuka akawaonyesha, wachimbaji, kamati, wote waliosimama pale wakihema. "Leo wametazama yangu."

Mabula alijifuta macho akasema ni vumbi. Kisha akainua kifuniko cha sufuria, akaukuta wali ni mzima, akaomba sahani.